Tozo ya Miamala: Nani Alilipa, Nani Alisikilizwa

Tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni Dodoma kusoma bajeti ya shilingi trilioni 36.3, ya kwanza chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ilikuwa na vitamu vyake. Faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, na hiyo peke yake ilitosha kuwa habari ya vijiweni kwa siku kadhaa. Wafanyakazi walipunguziwa kodi ya mshahara katika ngazi ya chini, kutoka asilimia 9 hadi 8. Na humo humo mlikuwa na pendekezo lililopita bila kelele nyingi: kila muamala wa kutuma na wa kutoa pesa kwa simu ukatwe tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, kwa kadiri ya ukubwa wa kiasi. Serikali ilitarajia kuvuna humo trilioni 1.25 kwa mwaka.

Makato yalianza 15 Julai, na ndipo wengi walipoisoma bajeti kwa mara ya kwanza, kwenye ujumbe wa simu unaokuja baada ya kutuma pesa.

Kisa hiki husimuliwa kama cha serikali iliyokosea kidogo, ikasikia kilio, ikapunguza, ikapunguza tena, mpaka ikafuta sehemu kubwa. Tarehe zote za simulizi hiyo ni za kweli. Lakini ukizipanga tarehe hizo kwa kuuliza ni kundi gani lilikuwa likikatwa kila hatua ilipochukuliwa, unapata kisa kingine, nami naona hicho ndicho chenye mafunzo kwa anayetaka kujua jinsi sera inavyougawa mzigo.

Tuanze na hoja ya serikali, maana haikuwa ya kijinga. Corona ilikuwa imeangusha utalii. Makusanyo ya kodi Tanzania yalikuwa yakizunguka asilimia 11 au 12 ya pato la taifa, kiwango kidogo kwa nchi inayotaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Vijijini kulikuwa na maboma ya madarasa ambayo wananchi waliyapandisha kwa nguvu zao, yakasimama miaka bila bati. Wanaolipa kodi ya mshahara ni wachache. Mkulima, mchuuzi, fundi na dereva wa bodaboda hawamo kwenye orodha ile, na kuwafuata mmoja mmoja kunagharimu kuliko wanachoweza kulipa. Simu ilikuwa jibu jepesi: akaunti za pesa mtandao zilikuwa zaidi ya milioni 30, kila muamala una kumbukumbu, na mkusanyaji ni kampuni ya simu, si ofisa wa kodi mwenye gari na posho. Kwa mtunga bajeti, huo ni mfereji ambao tayari umechimbwa.

Ila palikuwa na kauli iliyorudiwa mno, kwamba hawa watu walikuwa hawachangii. Walikuwa wakichangia. Anayenunua sabuni, sukari na mafuta ya taa analipa kodi ndani ya bei. Hata kwenye pesa ya simu yenyewe, ada ya kampuni ilikuwa tayari imebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Tofauti ya hizo na tozo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zile mbili hukatwa kwenye ada, yaani kwenye bei ya huduma. Tozo ilikatwa kwa kuangalia kiasi chenyewe kinachotumwa. Serikali ilitoka kutoza huduma ya kusafirisha pesa, ikaenda kuitoza pesa iliyokuwa safarini.

Chukua mfano wa kubuni, ila wa kawaida kabisa. Kijana anauza mitumba katika soko la Karume, Dar es Salaam. Mama yake yuko Kakonko, mkoani Kigoma. Anatuma pesa: tozo. Mama anakwenda kwa wakala kutoa: tozo. Akitenga sehemu, akaiweka kwenye simu na kumtumia mdogo wake aliye bweni Kasulu: tozo. Mdogo mtu anaitoa: tozo. Pesa ile ile, iliyopatikana mara moja, imekatwa mara nne, na juu ya kila mkato kuna ada ya kampuni pamoja na kodi zake. Hakuna kipato kipya kilichozaliwa njiani. Kilichokuwepo ni umbali tu kati ya ndugu.

Na umbali huo haukugawanywa sawa. Familia ambayo baba, mama na watoto wanalala nyumba moja, wakala kwa mshahara mmoja unaoingia benki, hutuma pesa kidogo. Familia iliyosambaa, huyu mgodini Geita, yule kibarua Dar es Salaam, wazee kijijini, watoto bweni, hutuma kila wiki, na hutuma vipande vidogo vidogo. Nchi ambayo wazee wengi hawana pensheni, muamala wa simu ndiyo pensheni yao. Ndiyo bima ya afya, ndiyo mkopo wa mbolea. Ukiweka kodi kwenye kutuma, unakuwa umeiweka kwenye kusaidiana.

Kwa juu, mambo yalikuwa kinyume. Tozo ilikuwa na dari, shilingi 10,000. Aliyetuma milioni tano hakukatwa zaidi ya hapo, sawa na asilimia 0.2 ya pesa yake. Aliyekuwa na kiasi kikubwa kweli hakuhitaji hata kuifikiria dari hiyo, kwa sababu mwaka huo wa kwanza miamala ya benki haikuguswa. Hili ndilo jambo ambalo mjadala wa 2021 uliligusa na kuliacha haraka. Utafiti wa FinScope wa 2017 ulionyesha kuwa watu wazima waliokuwa wakitumia benki walikuwa kiasi cha 17 tu katika kila 100, ilhali huduma nyingine rasmi, na pesa ya simu ikiwa mbele, zilibeba karibu nusu ya watu wazima wote. Kwa hiyo mstari uliochorwa kati ya simu na benki haukuwa wa kiteknolojia. Ulikaribia sana kuwa mstari kati ya wenye kipato kidogo na wenye nafuu, na tozo iliwekwa upande mmoja tu.

Irudie ile nafuu ya mshahara uone mizani yote. Ngazi iliyopunguzwa inahusu kipato cha kati ya 270,000 na 520,000 kwa mwezi. Asilimia moja ya hapo ni shilingi 2,500 kwa anayenufaika kikamilifu, haizidi. Mwenye mshahara akapewa 2,500. Asiye na mshahara hakupewa kitu, kisha wote wawili wakawekewa tozo kwenye simu. Haikuhitaji miamala mingi kuimeza 2,500 ile.

Katika bajeti hiyo hiyo kuna ndugu wa tozo ambaye hakusemwa sana: kodi ya majengo kukusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa sakafu ya ghorofa. Kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida iliyoko Masaki kwa wenye nacho na iliyoko Mbagala uswahilini, na anayekatwa ni anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji. Mwenye nyumba anaendelea kupokea kodi yake ya pango kama zamani. Mpangaji mwenye busara ya kudai arudishiwe yuko kwenye haki yake, lakini nani anataka kugombana na mwenye nyumba kwa ajili ya 1,000? Ukiziweka pamoja, tozo ya simu na kodi ya LUKU, unaona fikra moja: kodi hukusanywa pale ilipo rahisi kukusanya, na swali la nani hasa anaubeba mzigo linaahirishwa.

Kelele zilipanda ndani ya siku chache. Kabla Julai haijaisha, Rais alikuwa ameelekeza mawaziri waitazame upya, na watetezi wa haki za binadamu wakaipeleka tozo Mahakama Kuu. Mitaani watu walijibu kwa miguu na vidole. Bahasha zilirudi kwa makondakta wa mabasi ya mikoani. Wengine walitumiana vocha. Wengine waligundua kwamba malipo ya Lipa Namba dukani hayakatwi vile, basi wakawa wanalipa dukani kama wananunua, kisha mwenye duka anawapa taslimu akibakiza chake. Mawakala wa simu, ambao wengi ni vijana na kina mama wenye meza na mwavuli, walilipia msukosuko huo kwa kamisheni kupungua, na wao hawakuwa wameulizwa chochote. Vodacom Tanzania ilieleza wazi kwenye taarifa zake za fedha kwamba tozo iliumiza mapato ya M-Pesa.

Takwimu za wizara zenyewe zilionyesha kitu hicho hicho kwa lugha nyingine. Wiki nne za mwanzo ziliingiza karibu shilingi bilioni 48. Trilioni 1.25 ukiigawa kwa miezi kumi na miwili unapata zaidi ya bilioni 104 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mwezi wa kwanza, kabla ya punguzo lolote, makusanyo hayakufika nusu ya matarajio. Mtu akiuliza pesa nyingine iko wapi, jibu ni kwamba sehemu yake haikuwahi kuwepo: ilikadiriwa kana kwamba watu wataendelea kutuma vile vile hata baada ya kukatwa.

Mwanzoni mwa Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, dari ikashuka hadi 7,000. Ni haki kusema kwamba wanyonge walisikika kiasi. Walipunguziwa, hawakufutiwa.

Wiki hiyo hiyo, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Tanzania mkopo wa takriban dola milioni 567, kama trilioni 1.3 za shilingi, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Linganisha kiasi hicho na trilioni 1.25 zilizotarajiwa kwenye tozo. Pesa ya mkopo ndiyo iliyojenga madarasa 15,000 yaliyoonekana nchi nzima kuelekea Januari 2022. Tozo nayo ilijenga, tena si kidogo: vituo vya afya zaidi ya 200 na maboma kadhaa ya shule yaliyopauliwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mikondo hiyo miwili ilichanganyika, na mara nyingi darasa la mkopo liliingizwa kwenye utetezi wa tozo.

Vituo hivyo visipuuzwe. Mama wa Kakonko anayejifungulia karibu badala ya kubebwa kwa pikipiki usiku amepata kitu ambacho makato yake peke yake yasingemnunulia. Kuna watakaosema kwamba ukipiga hesabu ya pande zote mbili, alicholipa na alichopata, yeye ametoka na faida. Inawezekana. Lakini hesabu hiyo inalinganisha tozo na kutokuwa na kituo kabisa, wakati ulinganisho unaofaa ni kati ya kituo kilichojengwa kwa tozo yake na kituo kile kile kilichojengwa kwa kodi ya mwingine mwenye uwezo zaidi. Uchaguzi ulikuwa wa nani alipe, na uchaguzi huo ulifanywa kabla ya tofali la kwanza.

Halafu ukaja mwaka 2022, na hapa ndipo kisa kinapogeuka. Bajeti ya Juni ilishusha dari ya tozo kutoka 7,000 hadi 4,000. Pamoja na hilo, tozo ikatanuliwa iguse miamala yote ya kielektroniki, benki zikiwemo: kuhamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kutoa kwenye ATM, kutuma kutoka benki kwenda kwenye simu. Kwa kipimo cha usawa, hiyo ilikuwa hatua sahihi. Kasoro kubwa ya 2021 ilikuwa ni ule mstari kati ya simu na benki, na serikali ilikuwa imeufuta. Tozo ikishuka kwa kila mtu na wanaolipa wakiongezeka, ndivyo kodi inavyotakiwa kutengenezwa.

Agosti benki zikaanza kukata na kuwatumia wateja ujumbe. Safari hii kelele zilikuwa za sauti nyingine. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lililalamika kwamba mshahara ambao umeshakatwa kodi unakatwa tena. Wafanyabiashara wanaozungusha mtaji kati ya benki walieleza hasara zao. Wachambuzi, waandishi, wahadhiri, watumishi wa umma, watu wenye akaunti za benki na wenye kalamu, walijikuta ndani ya jambo ambalo mwaka uliotangulia walikuwa wakiliandika kwa niaba ya wengine. Chama tawala, CCM, nacho kikaielekeza serikali ilitazame upya.

Tarehe 20 Septemba 2022 Waziri alirudi bungeni. Kuanzia 1 Oktoba, tozo ilifutwa kwenye kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu na kutoka simu kwenda benki, ikafutwa ndani ya benki moja, ikafutwa kati ya benki na benki. Kutoa taslimu kwenye ATM na kwa wakala wa benki kukasamehewa kwa kiasi kisichozidi 30,000. Miamala iliyobaki ikapunguziwa kwa viwango vya asilimia 10 hadi 50. Ili kuziba pengo, serikali ikasema itabana matumizi yake yenyewe: chai, vitafunwa, safari, semina, matamasha. Nilipoisikia orodha hiyo nilicheka kwanza, kisha nikajiuliza kwa nini vitafunwa havikuonekana Julai 2021, pesa ilipokuwa ikitafutwa kwa mama wa Kakonko.

Tazama kilichobaki baada ya tangazo lile. Mwenye akaunti ya benki angeweza kuhamisha pesa kwenda benki nyingine au kwenye simu bila tozo. Anayetuma kutoka simu kwenda simu, njia ya asiye na benki, aliendelea kukatwa, japo kwa kiwango kidogo zaidi. Anayetoa 30,000 kwenye ATM ya mjini amesamehewa. Tangazo halikutoa msamaha kama huo kwa anayetoa 30,000 kwa wakala wa simu kijijini. Mstari wa 2021 ulirudi mahali pake ndani ya takriban miezi mitatu ya mwaka mpya wa fedha, na mara hii uliandikwa kama nafuu kwa wananchi.

Sidhani kama kulikuwa na hila. Nadhani kuna kitu cha kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo kigumu zaidi kurekebisha. Maumivu ya watu wa benki yana njia ya kufika mezani: chama cha wafanyakazi, chumba cha biashara, gazeti, mbunge ambaye yeye mwenyewe amepokea ujumbe wa makato kwenye akaunti yake. Maumivu ya watumaji wa simu hufika kama takwimu ya miamala iliyopungua, na takwimu inaweza kusubiri robo mwaka nyingine.

Majirani walikuwa na mafunzo yaliyo tayari. Uganda ilianza Julai 2018 na asilimia 1 kwa miamala ya pesa ya simu, na kabla mwaka haujaisha ikarudi hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu. Yaani zaidi ya miaka miwili kabla ya bajeti ya Dodoma, kulikuwa na ushahidi mpakani kwamba kukata pande zote mbili hakudumu. Ghana ilianza Mei 2022 na asilimia 1.5, ikiwa na msamaha kwa cedi 100 za kwanza kwa siku. Ikashusha hadi 1, na 2025 ikafuta kabisa. Hata kwa Ghana, ambako upinzani ulikuwa mkali zaidi, mtumaji wa kiasi kidogo aliwekewa kizingiti cha kumkinga tangu siku ya kwanza. Kwetu tozo ilianzia shilingi 10 na kupanda.

Juni 2023 tozo ya kutuma pesa ilifutwa, miaka miwili baada ya kupendekezwa. Bajeti hiyo hiyo iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, juu ya 100 nyingine iliyokuwa imeongezwa 2021, na ikaweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, sawa na 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mfuko ni mfuko, awe anajenga mnara Posta au anaongeza chumba Chanika. Kodi ya majengo kwenye LUKU nayo ilipandishwa, kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida na kutoka 5,000 hadi 7,500 kwa sakafu ya ghorofa, na mpangaji akaendelea kuinunua pamoja na umeme.

Tozo ya kutoa taslimu haikufutwa pamoja na ile ya kutuma. Mjini mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kugusa noti, akalipa duka, basi la mwendokasi, umeme na king'amuzi kwa simu. Kijijini, ambako muuza dagaa hana Lipa Namba na mtandao unakwenda na kurudi, pesa iliyoko kwenye simu lazima itolewe ndipo inunue kitu. Sehemu ya tozo iliyoachwa ni ile ambayo wa mjini anaweza kuikwepa bila kutoka jasho, na wa kijijini hana pa kupitia.